Mashine Zilizolala Katikati ya Neno

Naogopa kuitikia jina langu wakati wa rejista. Si kwamba silijui. Nalijua vizuri, nalisikia likija kutoka mbali, nasafisha koo, nafungua mdomo, halafu linapofika natoa sauti kama ya mlango wa kabati. Mwalimu wa darasa anaandika kwamba sipo. Mwaka jana mama aliitwa shuleni aeleze kwa nini mtoto wake ni mtoro, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale kati yao, sijakosa shule hata mara moja.

"Mama, huyu huwa anaongea nyumbani?" mwalimu aliuliza.

Mama aliniangalia kwa muda, kama mtu anayekagua viazi sokoni.

"Anaandika," akasema. "Mwalimu, huyu usimngoje aongee. Mpe karatasi."

Kwa mtu wa aina yangu, ile skrini nyeusi ya Linux, mfumo wa kompyuta za shuleni, ilikuwa zawadi. Huhitaji kusema. Unaandika amri, unabonyeza kitufe, mashine inatii. Ukikosea, inakwambia kwa mstari mmoja kwamba umekosea, na haigeuki kuambia darasa zima. Haikuulizi, "Eti nini? Sema kwa nguvu!" Nilipoiona mara ya kwanza nilihisi nimepata rafiki, jambo ambalo likisomwa na mtu mwingine litaonekana la kusikitisha, lakini hiki ni kitabu changu na nitaandika ukweli.

Aliyenionyesha ni mwalimu wetu wa kompyuta. Yeye pia hufundisha fizikia na ndiye kocha wa mpira, kwa hiyo ukimtafuta utamkuta amekuwa mahali pengine. Maabara yetu, pale Nyamasaria, ina safu za kompyuta kuukuu ambazo nyingi hazina hata diski ndani, na kwenye kona, ndani ya kizimba cha vyuma kilichochomelewa kwa sababu ya wezi, kuna mashine moja kubwa yenye nguvu. Siku moja wenzangu walikuwa wakigombania kipanya. Mwalimu akaniona nimesimama nyuma nikijifanya nasoma bango la ukutani.

"Wewe usiyegombana na mtu, njoo hapa," akasema. "Nataka mtu mwenye subira."

Haikuwa subira, ilikuwa woga, lakini sikumsahihisha.

Alinifundisha kwamba ile mashine ya kona inaweza kubeba mashine nyingine nyingi ndani yake, ambazo hazipo. Unaziumba kwa amri, unazipa kipande cha kumbukumbu na kipande cha diski, na kila moja inajidhania ni kompyuta kamili. Mashine pepe, aliziita, kama vile barua pepe. Zile kompyuta kuukuu za safuni zinabaki kuwa dirisha tu: mwanafunzi anaketi mbele ya skrini, lakini kazi yote inafanyika kule kwenye kona.

Kisha akanifundisha kontena, nikachanganyikiwa hadi nilipofikiria nyumbani. Mashine pepe ni kama mtu aliyejenga kwake: ana ukuta wake, jiko lake, tangi lake la maji. Kontena ni ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Kila mpangaji ana mlango na kufuli, anajiona bwana mkubwa, lakini bomba ni moja, choo ni kimoja, na jirani akiwasha kipasha maji kila mtu anabaki gizani. Mwalimu alipenda mfano huo sana. Alitaka niuseme mbele ya darasa. Nilimwandikia kwenye karatasi akausoma mwenyewe.

Baada ya hapo nilianza kujiona mtaalamu, na hapo ndipo nilipojiumiza. Kwa kuwa naandika shajara, na kwa kuwa tunalala chumba kimoja na dada zangu wanaosoma kila kitu hadi risiti, niliamua kuificha shajara ndani ya kontena pale shuleni. Nani angefikiria kutafuta huko? Niliandika mambo mazito. Niliandika kuhusu mvulana fulani wa kwaya. Halafu siku moja nikiwa nasafisha mashine, kwa bidii ya mtu anayejua anachofanya, nikafuta kontena ambazo hazifanyi kazi. Sikuwa nimeiambia ihifadhi kitu chochote nje. Unapofuta kontena, kila kitu kilichoandikwa ndani kinaondoka nayo, kama mpangaji aliyehama na godoro. Kwa hiyo lengo langu lilitimia kabisa. Hakuna mtu atakayeisoma shajara ile, nikiwemo mimi. Ndiyo maana sasa naandika kwenye daftari la karatasi na kulilalia.

Amri nyingine ilinitesa kwa jina lake tu. Unapotaka kuizima mashine pepe kwa upole unaandika virsh shutdown na jina lake. Ikikataa kusikia, kuna amri kali zaidi, na neno lake ni destroy. Mimi sikuthubutu. Mashine ikiganda nilikuwa naiomba izime kwa upole, tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwa nyumba ambayo anajua wenyewe wametoka. Mwisho mwalimu akanikuta.

"Unaogopa nini?"

Nikaonyesha lile neno kwa kidole.

"Haiui," akasema. "Ni sawa na kuchomoa waya ukutani. Mashine itaamka kesho. Kitakachopotea ni kile kilichokuwa hakijaandikwa kwenye diski."

Niliandika maneno hayo daftarini, nikayapigia mstari. Ingekuwa vizuri zaidi kama ningeyaelewa.

Mashine za darasa nilizipa majina ya samaki wa ziwani, kwa sababu yalikuwa mafupi kuandika: fulu, kamongo, mbuta, mumi, ngege, ningu, omena. Watu walizizoea haraka. Ungesikia mtu akilalamika, "Mbuta yangu imeganda," na mwingine, "Ngege iko slow leo." Omena nilimpa jirani yangu wa dawati. Yeye ni kinyume changu. Anaongea akiwa anakula, anaongea akiwa anapigwa sindano, na mradi wake wa mtihani ulikuwa programu ya kumsaidia shangazi yake anayeuza omena sokoni Kombewa, ili ajue gunia lipi limekaa sana.

Kipindi cha miradi kilipoanza, malalamiko yalizidi. Diski ya mashine kubwa ilikuwa mzee, na watu wote walipoandika kwa pamoja ilikoroma kama babu. Nikapata wazo. Kwa nini kazi zao zisikae kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, ambayo ni ya haraka, kisha mwisho wa somo mimi nizinakili kwenye diski? Nilifanya hivyo, na mashine zikaruka. Kwa mara ya kwanza maishani watu walinishangilia. Mwalimu tu ndiye aliyeuliza swali.

"Na stima ikipotea?"

Nikanyoosha kidole kwa lile sanduku jeusi sakafuni, betri ya akiba, ambayo huishikilia mashine kubwa kwa dakika chache umeme ukikatika. Akakubali. Nilijiona nimejibu swali kwa ustadi, bila hata kutumia neno.

Kitu kingine nilichofanya wakati huo ni kugundua amri ya kutuma ujumbe kwenye skrini za watu wote kwa mkupuo. Somo likikaribia kwisha, kwenye skrini zote yalikuwa yanatokea maneno: "Malizeni. Nataka kunakili." Nilikuwa naketi mezani kwa mwalimu na kompyuta yake ya mapajani, nikiamrisha darasa zima bila kufungua mdomo. Jirani yangu alisema nimekuwa kama sauti ya mbinguni, ila inaketi karibu na dirisha na inaogopa nyuki.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho kabla miradi haijakusanywa. Jirani yangu alikuwa amechelewa kuliko wote, kwa sababu alikuwa Kombewa akimuuguza shangazi yule. Programu yake ya zamani ilikuwa imeharibika. Aliifuta, akaanza upya mchana ule ule, akaandika mfululizo bila kuinuka, na ajabu, bila kuongea. Wenzangu wengine walikuwa na nakala za jana kwenye diski. Yeye hakuwa na chochote popote isipokuwa yale aliyokuwa akiyaandika saa ile, na yale yalikuwa kwenye RAM, mahali nilipoyaweka mimi kwa werevu wangu. Asubuhi mwalimu angefunga orodha. Asiye na mradi hana alama ya mradi.

Mvua ikaja kutoka upande wa ziwa, namna yake ile ya kuja bila kubisha. Kwanza upepo, kisha mabati yakaanza kupigwa. Mwalimu akachungulia nje, akakumbuka mipira na neti zake uwanjani, akatoka mbio. Halafu stima ikapotea.

Skrini zote za safuni zikawa nyeusi. Darasa likasema "Woooi!" kwa sauti moja. Ila mashine ya kona ilikuwa bado inanguruma, na lile sanduku jeusi likaanza kulia, tii, tii, tii. Mashine zangu zote zilikuwa hai ndani yake. Wenye skrini hawakuweza kuziona tu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa huku analijua tangu utotoni. Stima ikipotea, unachomoa. Hungoji. Unachomoa tivii, unachomoa friji, unachomoa hata chaja ambayo haina simu, kwa sababu stima inaporudi huwa inarudi na hasira, na kila familia ina kitu kilichowahi kuungua. Kwetu ni redio. Mama bado anaitaja kama marehemu. Na katika maabara sheria hiyo imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: STIMA IKIPOTEA, ZIMA NA UCHOMOE KILA KITU.

Kiranja wa maabara ni mvulana mrefu mwenye sauti nzito, na sheria kwake ni chakula. Kabla watu hawajamaliza kusema woi, alikuwa ameshaanza mwisho wa safu, akichomoa soketi moja baada ya nyingine.

"Inukeni! Inukeni nichomoe! Wewe, toa mguu!"

"Kiranja, pole pole, utaning'oa na mimi!"

Mimi nilikuwa tayari kwenye kompyuta ya mapajani ya mwalimu, ambayo ina betri yake na waya wake hadi kwenye mashine ya kona. Kuna amri ya kuilaza mashine pepe, ambayo inachukua kila kitu kilicho kichwani mwake, hadi herufi ya mwisho, inakiandika kwenye diski, halafu inalala. Ukiiamsha inaendelea pale pale. Nilitaka kuzilaza zote kwa zamu kwa mstari mmoja. Kwa haraka nilikosea tahajia, mashine ikaniambia kwa mstari mmoja kwamba nimekosea. Nikaandika tena. Ikakubali.

Fulu ikalala. Kamongo ikalala. Zilikuwa zinaenda kwa mpangilio wa alfabeti, na diski yangu mzee ilikuwa inakoroma. Mbuta, ikachukua muda wake. Mumi. Ndipo nikaelewa kwamba omena ingekuwa ya mwisho. Nilizipa majina ya samaki, sikufikiria foleni.

Kiranja akafika kona. Kizimba kilikuwa kimefungwa, lakini sanduku la betri lilikuwa nje, sakafuni, likilia. Akainama.

"Hiki nacho kinapigia nani kelele?"

"Subiri," nikasema.

Nilisema kweli. Nilisema kwa sauti yangu yote niliyokuwa nayo wakati ule, na hata mimi sikuisikia. Mabati yalikuwa yanapigwa kama ngoma ya matanga. Kiranja alikuwa anatafuta kitufe. Ngege ikalala. Nikafanya ninachojua kufanya: nikaandika haraka, kwa herufi kubwa, "USIZIME BETRI," nikabonyeza, nikautuma ujumbe kwenye skrini za watu wote.

Skrini ambazo hazikuwa na stima.

Nilikaa pale nikingoja autii. Sijui nilikaa kwa muda gani, labda pumzi moja, lakini ni pumzi ambayo nitaikumbuka nikiwa bibi kizee. Kiranja alikuwa amekipata kitufe. Ningu ikalala. Kwenye skrini yangu kulibaki jina moja, na karibu nami jirani yangu alikuwa amekaa na mikono juu ya kibodi iliyokufa, akingoja kwa imani, maana hakujua kwamba jina lililobaki ni lake.

"KIK IMUL GINO!"

Usiguse hicho kitu. Ilitoka kwa Kijaluo kwa sababu huko ndiko ilikokuwa. Sikuichagua. Ilipanda kutoka tumboni, ikapita mahali ambapo sauti yangu hukwama siku zote, ikaishinda mvua. Mtu wa dirishani aliangusha mkebe wa hesabu. Kiranja alisimama wima na mkono hewani kama aliyekamatwa na polisi.

"Nani huyo?"

"Ni... ni huyu."

"Huyu yupi?"

"Huyu wa rejista!"

"Acha uongo. Huyu?"

"Yawa, kumbe ana spika!"

Wote walikuwa wananiangalia. Kwa kawaida ningeingia chini ya meza. Lakini nilikuwa naangalia skrini, na kidole kimoja nimekinyoosha kwa kiranja bila kumtazama, kama mama anapomkataza mtoto huku akikaanga samaki. Omena haikuwa imemaliza. Diski ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Halafu mstari ukatokea: imehifadhiwa. Nikaizima mashine kubwa yenyewe, kwa upole, kwa amri yake. Feni zikatulia.

"Sasa zima," nikamwambia kiranja. Sauti ya kabati ilikuwa imesharudi, na ikabidi jirani yangu amtafsirie.

Alizima. Akachomoa. Kisha akaenda kwa droo ya mwalimu akarudi na ubao.

Ubao ni kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa NIMEONGEA LUGHA YA MAMA. Ukisikika ukiongea Kijaluo unavishwa, na unabaki nao hadi umkamate mwingine akiongea, umpe. Anayekutwa nao mwisho wa wiki anafagia. Tangu nifike shuleni sikuwahi kuuvaa, kwa sababu ili uvae lazima uongee.

"Si ubaya," kiranja akaniambia akiuweka shingoni. "Ni sheria."

Mwalimu akaingia, maji yakimchuruzika, neti begani.

"Nani amepiga ile kelele? Nimesikia hadi golini!"

Darasa zima likanionyesha. Mwalimu akageuka kuangalia nyuma yangu, kuona kama kuna mtu mwingine. Kisha akauona ubao, akaiona mashine imezimwa vizuri, akaanza kuelewa.

"Zimelala zote?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Hapana, leo umeonyesha unaweza. Sema."

"Zote, Mwalimu."

"Na hiyo akili ya kuweka kazi za watu kwenye RAM?"

Hapo nilitikisa kichwa tu kwamba sitarudia, na safari hii hakunilazimisha kusema.

Usiku huo dada zangu walitaka kujua kwa nini nimekuja nyumbani na mbao shingoni. Mama alisoma yale maandishi, akacheka hadi akakaa chini. Alitaka kuwaita majirani.

Asubuhi niliwahi shuleni. Stima ilikuwa imerudi, bila hasira. Niliiwasha mashine kubwa, nikaanza kuwaamsha samaki mmoja mmoja, na ubao ulikuwa unagonga meza kila nikiinama. Kusema kweli nilikuwa nimeshasikia Kijaluo tele tangu getini, ningeweza kumpa mtu yeyote. Lakini kumpa mtu ubao lazima umwendee na kumwambia. Nilikuwa nimejipangia kufagia.

Jirani yangu akaja na mkoba haujafungwa, akaketi, akaangalia skrini. Omena iliamka. Kulikuwa na ukurasa wake wa kwanza, ule wa kumkaribisha shangazi: "Karibu. Gunia lililokaa sana li" na baada ya hapo kishale kilikuwa kinapepesa, tulivu, kikimngoja amalizie neno. Kilikuwa kimemngoja tangu jana bila kujua kwamba kulikuwa na jana.

Akamalizia neno. Akashusha ukurasa hadi chini kabisa, kila kitu kilikuwepo. Akakihifadhi kwenye flashi aliyokuwa amekuja nayo mwenyewe, maana werevu wangu alishaujua. Kisha akainuka, akahakikisha kiranja yuko karibu na anasikia, akasema kwa sauti ya kutangaza:

"Erokamano ahinya, nyaminwa!"

Asante sana, dada yangu. Kiranja akafungua mdomo. Jirani yangu alikuwa ameshanyoosha mkono na kuuvua ubao shingoni mwangu.

"Najua, najua. Navaa mwenyewe," akamwambia. "Na wewe utauvaa kabla ya chakula, nakuahidi. Najua mguu wako wenye kidonda; nikiukanyaga tutasikia utalia kwa lugha gani."

Nilitaka kumwambia karibu. Lilikuwa neno dogo, na koo langu lilikuwa limeshathibitisha kwamba linaweza makubwa. Lilifika hadi kwenye meno. Nikageuka, nikaandika, nikabonyeza. Kwenye skrini ya omena, juu ya magunia ya shangazi, yakatokea maneno: "Karibu. Usisahau kuhifadhi."

Akayasoma. Akanigeukia taratibu, na ubao shingoni.

"Mimi si niko hapa, kando yako?"

Nikasafisha koo. Nikasema.

"Eti nini?" akasema.

Nikarudia.